Kinofu cha Wajina

Mwaka wa nne ulirudi tena. Ulirudi mchana kweupe, bila haya, ukapita mlango uleule uliotokea, ukajibwaga katikati ya darasa kama mgeni asiyejua kuaga. Wanafunzi wa Daraja la Juu la Kijapani wakauinamia, maana katika chuo kile cha juu ya kilima kila kiingiacho huinamiwa: mwaka, mwalimu, upepo, hata paka wa jikoni. Mwatime naye aliinama. Mgongo ulikwenda wenyewe, umeshazoezwa. Moyo ndio uliobaki wima, umeshika kiuno, unauliza: mpaka lini, jamani?

Usinitake nikuhesabie miaka ya pale. Saa ya mnarani ilitembea ilivyopenda. Ikichoka inakaa, ikikumbuka kitu inarudi nyuma kukichukua. Mwatime aliweza kuamka na nywele nyeusi ti, chai ya asubuhi ikamkuta ana mvi, akajitazama ndani ya kikombe akasema, haya, leo ni mzee. Mwenzake aliyeketi karibu na nguzo alikuwa kijana asubuhi na babu jioni, wala hakuna aliyemwuliza kulikoni. Watu huzoea. Mimi hilo ndilo linaloniudhi kuliko mengine yote, kwamba watu huzoea. Jua likichomoza magharibi watapiga kelele siku ya kwanza. Siku ya pili wanageuza vitanda.

Na jambo moja tuelewane mapema, msomaji, usije ukanilaumu mbele ya safari. Jina la Mwatime nalijua mimi ninayesimulia, na sasa unalijua wewe. Yeye mwenyewe hakulijua. Pale chuoni aliitwa Wa Dirishani, kwa kuwa aliketi dirishani. Yule wa nguzo aliitwa Wa Nguzoni. Aliyeketi penye upepo aliitwa Wa Mlangoni, na alipokufa kwa homa ya mapafu kiti chake kikapewa mwingine, naye akaitwa Wa Mlangoni, na darasa likaendelea bila mtu kutambua kwamba kuna aliyekufa.

Majina yao yalikuwa mitungini. Siku ya kuingia, Mkuu wa Idara humpokea kila mwanafunzi katika chumba kidogo kilichotandikwa mikeka minene ya Kijapani, akampa kitungi cha udongo chenye kifuniko. Mkuu alikuwa mtoto wa hapahapa, amekuzwa kwa ugali na samaki kama sisi, ila alikuwa amejifundisha kutembea bila kusikika na kuongea kama mtu anayemwogopa mtoto aliyelala.

"Lugha hii ni nyumba ya mlango mfupi," humwambia mgeni. "Haingii mtu na mzigo kichwani. Jina la kwenu ni mzigo. Litamke humu ndani, funga, utalichukua siku ya kuhitimu. Ndivyo wenyewe wafanyavyo kule Japani."

Nani abishe? Yeye kafika kule, sisi hatujafika. Mwatime alikiinamia kile kitungi, akalitamka jina lake polepole, akafunga. Alipoinua uso akajitafuta, akakuta pengo laini, kama ulimi unapogusa palipong'oka jino. Mkuu akatabasamu, akakipanga kitungi kwenye rafu pamoja na vingine. Basi. Kazi ilikwisha hivyo, bila hata damu kutoka.

Wala usidhani Mwatime alikuwa mjinga. Mapenzi ndiyo yaliyompeleka. Utotoni kwao palikuwa na gari la baba yake mdogo, la kubebea barafu, lililoletwa kutoka Japani likiwa limeshatumika, na mlangoni mwake palibaki maandishi ya rangi ya samawati ambayo hakuna aliyeyafuta. Mtoto Mwatime aliyapitisha kidole kila asubuhi. "Baba mdogo, yanasema nini haya?" "Ah, Kijapani tu hicho." Kijapani tu! Kwani kuna watu wanaoandika mlangoni maneno yasiyosema kitu? Swali hilo lilimganda. Likamtoa nyumbani, likampandisha kilima, likamkalisha mbele ya maelfu ya herufi, akazila moja moja kama mchwa alavyo nguzo. Na kweli alifaulu. Mashairi mafupi ya majira aliyasoma mpaka akasikia baridi ambayo hajawahi kuishi. Chai aliitengeneza kwa mkono mtulivu. Siku moja, katikati ya somo, maandishi ya ule mlango yakamjia, akayasoma kichwani kama asomavyo mtu kibao cha njia: Duka la mikate la akina Nagase. Alicheka peke yake. Alilipenda duka hilo, akawapenda akina Nagase, akataka kumkimbilia mtu wa kwao amweleze. Ila mtu wa kwao gani? Wa kwao walikuwa wamefungiwa mtungini pamoja na jina.

Huko kwao alikuwako bibi, mama wa baba yake. Naye pia aliitwa Mwatime; mtoto alipozaliwa alipewa jina lake, kama ilivyo ada, ili jina lisipungukiwe na mtu wa kulibeba. Bibi hakumwita mjukuu wala mwanangu, alimwita wajina. Na ilikuwa siku yoyote akipikwa samaki, kabla hajala mtu, bibi anakitoa kile kinofu cha shavu, kilaini kuliko vyote, anakitenga ukingoni mwa sahani, kisha anapaza sauti mpaka nyumba ya nne: "Mwatimee! Njoo, kinofu chako!" Naye mtoto popote alipo lazima aitike kwanza, "Abee!", ndipo akimbie. Kukimbia bila kuitika ilikuwa utovu wa adabu. "Miguu inaletwa na njaa," bibi husema. "Mimi nataka nijue kama umenisikia."

Jina ni nini basi? Mwatime alijiuliza hayo bila kujua kwamba anajiuliza jina lake. Aliketi dirishani, brashi mkononi, wino unakauka, na maneno yakimpita vipandevipande. Mimi ni nani mtu asiponiita. Mto haujiiti mto. Mawe hayaitani. Kama jina ni langu, mbona hulitumia wengine zaidi yangu. Kama ni la wengine, huyu mtu mmoja kapata wapi ruhusa ya kulifungia. Nani alimpa rafu. Nani alimpa ufunguo. Nani alimwambia kwamba ili nijue cha mwenzangu lazima nisahau changu, kana kwamba kichwa ni kibaba, kikijaa mchele hakipokei kunde. Kisha kengele inalia, anainama, anasahau alikuwa anauliza nini.

Lililomzuia asihitimu lilikuwa jambo moja, nalo nitalisema waziwazi kwa sababu bado linanichoma. Masomo yote alishayapita. Kilichobaki kilikuwa Mtihani wa Karamu: mwanafunzi hula mezani pamoja na Mkuu, mbele ya shahidi kutoka Japani kwenyewe, akaonyesha kwamba adabu za kule zimemwingia mpaka vidoleni. Shahidi alikuwa Sensei Kurihara, mwalimu mwanamke mtu mzima, mwenye miwani mikubwa na kikohozi kidogo. Mwanafunzi hakuruhusiwa kumsemesha. Mkuu ndiye aliyesema kwa niaba yake, akasema mengi sana.

Mara ya kwanza Mwatime alikula vizuri ajabu, mpaka alipoletwa samaki. Alimwona Mkuu, mtu mzima aliyekaa mbele yake, na mkono ukafanya ulichofundishwa kabla haujafundishwa kitu kingine chochote. Alikitoa kinofu cha shavu kwa vijiti vyake vya kulia, akamnyooshea mkubwa wake, apokee. Naye Mkuu akapokea! Kwa vijiti vyake. Kinofu kikasimama hewani kati ya jozi mbili za vijiti, Sensei Kurihara akashusha macho, na Mkuu akapiga ukelele wa mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Kwa maana kule Japani, chakula hakipitishwi kutoka vijiti hadi vijiti. Maiti wao huchomwa, na jamaa hukusanyika kuokota mifupa kwa vijiti, wakipokezana, mpaka mfupa ufike kwenye chombo chake. Kupokezana hivyo ni kwa ajili ya mfu tu. Mezani ni nuksi.

"Umenilisha matanga!" Mkuu alifoka. "Umefeli! Rudi mwaka wa nne!"

Akarudi. Lakini ebu tuulizane, sisi tulio nje. Kosa la kutoa alilifanya yeye. La kupokea je? Mtu aliyezaliwa kule asingetoa, na mtu aliyezaliwa kule asingepokea. Pale mezani walikuwa watoto wawili wa nyumba moja, mmoja katenga kinofu, mwingine kakipokea kwa furaha ya tumbo lake la zamani, na aliyeadhibiwa ni mmoja. Nyani haoni kundule. Tangu siku hiyo Mwatime alikula bila dosari, akafelishwa kwa kupumua, akafelishwa kwa kutazama dirisha, akafelishwa kwa sababu supu ilipoa. Hasira alikuwa nayo, jina la kuitolea hakuwa nalo.

Sasa, katika mwaka wa nne huo uliorudi bila haya, asubuhi moja sauti ya mwanamke ilipanda kilima.

"Mwatimee! We Mwatime! Mwatimee!"

Darasa lote likainua vichwa. Wa Dirishani ndiye aliyesikia vizuri zaidi. Aliweka brashi chini, akakunja uso.

"Huyo Mwatime ni nani, jamani?" alimwuliza Wa Nguzoni. "Anaitwa haitiki. Hana hata huruma na mama wa watu?"

"Labda ni kiziwi," Wa Nguzoni akasema. Asubuhi hiyo alikuwa mzee.

Mwanamke akafika dirishani, anahema, viatu mkononi. Alikuwa shangazi Mwanamvua, dada wa baba yake Mwatime, aliyembeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda upande mmoja. "Hodi, wenyewe," akasema. Mwatime akasimama. Visigino pamoja, mikono mapajani, shingo na mgongo mstari mmoja, macho chini, akamwinamia kama itakiwavyo kumwinamia mgeni aliyekuzidi umri. Hakukuwahi kuonekana katika chuo kile kuinama kuzuri kama kule. Shangazi Mwanamvua akabaki ameutazama utosi wake.

"Mwanangu, hapa yupo msichana anaitwa Mwatime?"

"Samahani sana, mama. Hatuna mtu wa jina hilo."

"Yupo. Tulimleta wenyewe." Macho ya shangazi yalikuwa na ukungu wa uzee. Aliyasogeza karibu na nondo za dirisha. "Nilipokuona nilishtuka, moyo ukaniambia, ndiye huyu. Lakini siye. Mwatime angeniamkia. Mwatime hawezi kuniona mimi asinipe shikamoo, hata awe anakata roho."

Neno lile lilimgusa Mwatime mahali, likatikisika, likakaa. Hakujua alifanyie nini. Akainama tena kidogo.

"Basi nipokelee amana, mama," shangazi akasema, na sauti ikaanza kuvunjika. "Ukimwona mwambie bibi yake hayupo tena. Amezikwa. Mlo wake wa mwisho hakula yeye, alikitoa kinofu akakitenga, akaita, akaita, mpaka sauti ikaisha. Tukamwambia Mwatime yuko masomoni, bibi. Akasema, masomoni ndiko hawaitiki? Nimekibanika kikakauka, amana ya maiti haitupwi. Na umwambie hivi: jina sasa amebaki nalo peke yake. Akilipoteza yeye, tumezika wawili."

Akapitisha kikapu kidogo cha ukili katikati ya nondo. Mwatime akakipokea kwa mikono miwili, kwa adabu kamili.

"Pole sana, mama," akasema. "Nitampa nikimwona."

Nitampa nikimwona! Nikifika hapa natamani kuitupa kalamu nikamshike mtu kola. Mjukuu kapewa msiba wake akaupokea kama kifurushi cha jirani. Akasimama dirishani kumtazama shangazi yake akishuka kilima, akamwonea huruma, akamlaani moyoni huyo Mwatime asiye na utu. Wanasema mkataa kwao ni mtumwa. Sawa. Na aliyekataziwa kwao, akaambiwa ndiyo elimu, yeye tumwite nani?

Alimtafuta Mwatime darasa zima. Aliuliza jikoni, akauliza bustanini penye mawe yaliyochanwa kwa reki. Wa Nguzoni, ambaye sasa alikuwa kijana tena, akakinusa kikapu akaanza kulia bila kujua sababu. "Harufu hii naijua," akasema. "Ni ya kwa nani?" Kabla hajajibiwa, kengele ya mtihani ikalia, na jina la kiti likatangazwa: Wa Dirishani, ingia.

Aliingia na kikapu. Chumba kilikuwa kilekile cha mikeka, na mitungi yote ya majina ilikuwa rafuni, imepangwa vizuri mno, maana Mkuu alipenda kula akiitazama. Sensei Kurihara alikaa pembeni. Wali ukaletwa, supu ikaletwa, samaki akaletwa. Mwatime hakuvigusa. Alikifungua kikapu, akakiweka kile kinofu kikavu, cheusi kwa moshi, katikati ya vyombo vya kaure.

"Nini hicho?" Mkuu akauliza.

"Amana ya marehemu, Mkuu. Nimemtafuta mwenyewe sikumwona. Sijui mila inasemaje kuhusu amana isiyo na mwenyewe."

"Ondoa uchafu huo mezani! Umefe—"

"Ngoja," akasema Sensei Kurihara.

Alisema kwa Kiswahili. Polepole, neno likifuata neno kama watu wanaovuka mto kwa mawe, lakini Kiswahili. Miaka yote hiyo, iliyokwenda mbele na iliyorudi nyuma, hakuna aliyejua kwamba mama huyu alikuwa amekaa pembeni anajifunza lugha ya watu anaowasahihisha.

"Kwetu mifupa ya marehemu huokotwa na jamaa zake," Sensei akasema. "Huyu jamaa yake ni nani?"

"Anaitwa Mwatime, Sensei. Hajulikani aliko."

"Na wewe? Unaitwa nani?"

"Wa Dirishani."

"Hicho ni kiti. Mimi nimeuliza jina."

"Liko mtungini, Sensei. Kwa mila ya kwenu."

Sensei Kurihara akavua miwani. "Mila ya kwetu?"

Mkuu akainamia supu yake.

"Kwetu," mama yule akasema, "mwalimu akiingia darasani huita majina, na mtoto huitika. Nilipofika hapa nikakuta mnaitana kwa viti. Nilisikitika. Lakini nilidhani ni mila yenu. Nikaiheshimu."

Ebo! Mmeyasikia hayo? Alidhani ni yetu. Sisi tulidhani ni yao. Katikati ya dhana mbili mtu mmoja akajijengea rafu, akapanga watu kama vikombe, akapewa cheo, akaitwa Mkuu. Mwatime, kilichomjia cha kwanza kilikuwa mlango wa gari la barafu. Maandishi ya samawati. Akina Nagase! Watu walioandika jina la ukoo wao mlangoni mwa gari la mikate, kwa rangi isiyofutika kwa jua wala chumvi, jina likavuka maji makuu likasomwa na mtoto wa huku, hao ndio waliosingiziwa kwamba wanawatupisha watu majina! Alikuwa na ushahidi tangu utotoni, kwenye ncha ya kidole.

"Mwongo!" akasema. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kulisema neno hilo mle ndani, na mikeka yenyewe ilishtuka. "Mwongo mkubwa wewe!"

Akainuka. Akakishusha kitungi chake, akafungua kifuniko, akatia sikio, akatia pua. Udongo tu. Akafungua cha Wa Nguzoni. Udongo. Cha Wa Mlangoni aliyekufa, na cha Wa Mlangoni aliyemfuata. Vyote vitupu, vikavu, safi. Neno ni pumzi, ukilitamka limekwenda. Kulikuwa hakuna kitu pale. Hakukuwahi kuwa na kitu. Walikuwa wameinamia vyungu.

"Usifungue hicho cha juu," Mkuu akasema, na sauti ikamtoka ya mtoto. "Hicho ni changu."

Mwatime akakifungua. Kilikuwa na buibui.

"Na mimi nilifanyiwa hivyohivyo," Mkuu akasema. "Aliyenitangulia aliniambia ndivyo wafanyavyo."

"Ukanyamaza?"

"Nilizoea."

Mwatime aliketi chini kwa kishindo, miguu ovyo, kama tunavyokaa uani kwetu. Akaacha vijiti, akamega kile kinofu kwa vidole, akatia kinywani. Moshi. Ndimu. Pilipili kidogo, ile ambayo bibi alidai hakuitia na kila siku alikuwa ameitia. Kikalainika ulimini, na ndani ya ulaini huo sauti ikaja, ile ya kufika nyumba ya nne, kutoka chini ya udongo mbichi: Mwatimee! Njoo, kinofu chako!

Alikuwa yeye. Lo, alikuwa yeye! Huyo asiyeitika, huyo aliyemlaani dirishani. Bibi kafa anamwita, na shangazi kamjia na msiba, naye kamwinamia na kumwambia pole. Mwatime akalia. Hakulia kwa kuficha uso kwenye mkono wa nguo kama alivyofundishwa. Alilia kikwetu, kwa sauti, kichwa kimeshikwa kwa mikono miwili, "Bibi yangu mie! Wajina wangu!", mpaka vitungi vikaanza kugongana rafuni. Sensei Kurihara akaweka viganja vyote viwili chini na kuinamisha kichwa mpaka paji likagusa mkeka.

Alipomaliza, alifuta kamasi kwa kiganja. Kilibaki kipande. Akaviokota vijiti, akakishika hicho kipande, akamnyooshea Mkuu.

"Safari ile nilikosa kwa kutojua," akasema. "Leo najua. Pokea."

Mkuu akakitazama. Harufu ikamfikia. Akatikisa kichwa, hapana, hapana, lakini mkono wake ulikuwa umeshanyanyuka, vijiti vikafunguka, akakishika. Kinofu kikasimama tena hewani kati yao, na safari hii hakuna aliyepiga kelele.

"Umepokea mbele ya shahidi," Mwatime akasema. "Na wewe ni mfiwa. Nyumbani kwenu nani alikuwa anakutengea?"

"Mama," Mkuu akanong'ona.

"Akikutengea anakuitaje?"

Mkuu akafungua kinywa. Kikabaki wazi. Midomo ikajaribu umbo moja, ikajaribu jingine, jasho likamtoka, machozi yakamtoka, jina halikutoka. Mwatime alimwachia kile kipande, akaondoka. Kumchukia alimchukia, sitamsingizia wema asiokuwa nao. Lakini hakuwa na muda wa kumngojea.

Aliteremka kilima mbio, mvi zikija na kuondoka kichwani njia nzima. Shangazi Mwanamvua alikuwa amekaa chini ya kilima juu ya jiwe, anavaa viatu vyake. Huenda alikuwa amekaa hapo kitambo kidogo, huenda miaka. Mwatime akapiga magoti vumbini, akamshika miguu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Mkono wa shangazi ukamgusa kichwa, ukasita. "Nani wewe?"

"Mwatime."

Shangazi alikuwa ameshalia sana siku hiyo, hakutaka kudanganywa na wanaojua kuinama. Akasimama kwa shida, akampa mgongo huyo aliyepiga magoti, akageukia chuo kule juu, akakinga mikono kinywani na kuita kwa nguvu zote zilizombakia, kama alivyokuwa akiita mwenye jina la kwanza:

"Mwatimee!"

Kule juu madirisha yakafunguka. Wa Nguzoni akatoa kichwa, na wengine nyuma yake, na Sensei Kurihara, wote wakasikiliza. Mwito ukapanda, ukagonga ukuta wa chuo, ukaanza kurudi mtupu kama ulivyokuwa umerudi asubuhi.

"Abee!" Mwatime akaitika nyuma ya shangazi yake, kwa ukali, kwa sauti ya mtu anayegombana. "Abee, bibi! Abee!"

Shangazi hakugeuka upesi. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Umechelewa," akasema. "Lakini umesikia."